Misri Inayopitwa Usingizini

Mgeni anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Sharm el-Sheikh, kwenye ncha ya kusini ya Rasi ya Sinai, anaweza kuingia bila kulipia viza ya Misri, ikiwa ni raia wa mojawapo ya nchi zinazoruhusiwa. Hugongewa muhuri wa bure wa siku 15, unaomruhusu kukaa Sharm, Dahab, Nuweiba na Taba. Kwa muhuri huo hawezi kuvuka kwenda Cairo, wala Luxor, wala kuzifikia piramidi ambazo huenda ndizo zilizopamba tangazo lililomshawishi kununua safari. Kisheria yuko Misri, lakini Misri yenyewe ameachiwa ya kuitazama pichani. Nimeufikiria muhuri huu kwa muda mrefu, kwa sababu sijui waraka mwingine wa serikali unaokiri waziwazi namna hii kwamba nchi moja inauzwa kama nchi mbili.

Upande mmoja kuna Misri ya mto: Giza, Luxor, Aswan, mahekalu, makaburi ya wafalme, mashua za tanga na waongozaji wanaojua majina ya miungu kuliko sisi tunavyojua majina ya mabinamu zetu. Upande wa pili kuna Misri ya Bahari ya Shamu: Hurghada, Sharm, Marsa Alam, matumbawe, mabwawa ya kuogelea, na hoteli ambazo mgeni amekwisha kulipia chakula, vinywaji na kitanda kabla hajaondoka kwao. Katikati kuna jangwa, ambalo katika hesabu za wauza safari si chochote ila saa nne za basi. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huu haukuletwa na jiografia. Ulifanywa na watu, katika miaka inayokumbukwa, kwa sababu zinazoeleweka. Nao umewanyima wageni na wenyeji kitu ambacho kwa miaka elfu nne ndicho kilichoifanya pwani ile iwe na maana, yaani njia ya kutoka mtoni hadi baharini.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Misri si nchi ya kutambulishwa. Aliyesoma chuoni aliijua kupitia visa vya Nabii Yusufu na Nabii Musa kabla hajaiona kwenye ramani, na aliyelelewa kanisani vivyo hivyo. Neno Firauni limekwisha kuwa tusi letu la kila siku, linalotupiwa mtoto mtundu na dereva wa daladala aliyekataa kusimama. Vijana wetu wamekwenda kusoma Al-Azhar kwa vizazi, na watu wa Jinja wanaishi pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria na kuanza safari ndefu ya kwenda kuinywesha nchi ile. Pengine kwa sababu hiyo tunapaswa kuwa wepesi kuliko Mzungu wa kaskazini kutambua kwamba nchi anayouziwa mgeni siku hizi ina kasoro ya mshono.

Utalii wa Misri haukuanza hivi. Mwingereza Thomas Cook, mwuza safari, alipowaleta wateja wake wa kwanza mwaka 1869, mwaka ule ule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa, aliwapandisha meli kwenye Nile. Katika miongo iliyofuata msafiri aliyekuja Misri alikuwa mtu mwenye fedha na muda, aliyekimbia baridi ya Ulaya na kukaa miezi, akapanda mto polepole hadi Aswan, akirudi na kitabu cha kumbukumbu kilichojaa. Jua alilipata, lakini alilipata pamoja na nchi. Bahari ya Shamu wakati huo haikumhusu; Hurghada ilikuwa kijiji cha wavuvi, na baadaye kituo cha mafuta.

Mabadiliko yalikuja baada ya vita. Israel iliiteka Sinai mwaka 1967, ikaanza kuendeleza Sharm kama mahali pa makazi na mapumziko, kisha ikairudisha rasi kwa Misri mnamo Aprili 1982 kwa mujibu wa mkataba wa amani. Serikali ya Misri ilijikuta na pwani ndefu isiyo na watu wengi, maji maangavu, matumbawe ya kustaajabisha na uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata ilitangaza Ras Mohammed kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini, na ndani ya miaka 20 hoteli zilijipanga ufukweni Sharm na kwa upande wa bara huko Hurghada, zikiendelea kuteremka kusini.

Mantiki ya kibiashara ilikuwa nyepesi kuelewa, na sitaki kuidharau. Mtu anayekuja kuziona piramidi huziona mara moja katika maisha yake, akapiga picha, akarudi kwao akiwa ametimiza jambo. Mtu anayekuja kuota jua hurudi kila msimu wa baridi, kwa maana baridi ya Urusi, Ujerumani na Poland nayo hurudi kila mwaka. Piramidi ya Khufu ilijengwa miaka 4,500 iliyopita kwa mawe yanayokadiriwa kufikia milioni 2.3, lakini haiwezi kumrudisha mteja yule yule mara saba. Kiti cha kulalia chini ya mwavuli kinaweza. Taifa lenye zaidi ya watu milioni 100 na njaa ya fedha za kigeni halina sababu ya kuona haya kwa kufanya hesabu hiyo.

Kilichoifanya hesabu hiyo iwe ukuta ni hofu. Tarehe 17 Novemba 1997 watu wenye silaha waliwaua watalii 58 na Wamisri wanne katika hekalu la Hatshepsut, Firauni wa kike, ng'ambo ya mto kutoka Luxor. Kwa miaka mingi baada ya hapo, magari ya watalii kati ya Hurghada na Luxor yalisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa polisi, na msafiri aliyetaka kusimama kijijini kunywa chai hakuwa na uhuru huo. Pwani ilionekana kuwa ndiyo mahali salama, hadi Julai 2005 mabomu yalipolipuka Sharm yenyewe. Na Oktoba 2015 ndege ya abiria ya Urusi iliyotoka Sharm ililipuka angani juu ya Sinai ikiwa na watu 224, asipone hata mmoja. Urusi ilisimamisha safari za ndege, na safari za moja kwa moja kwenda hoteli za Bahari ya Shamu hazikurejea hadi 2021. Nchi iliyokuwa imepokea zaidi ya wageni milioni 14 mwaka 2010 ilipokea kidogo zaidi ya milioni 5 mwaka 2016.

Jibu la serikali lilikuwa kuongeza utengano. Sharm leo imezungukwa na ukuta wa zege wa zaidi ya kilomita 30, wenye malango ya ukaguzi, na Mmisri wa kawaida asiye na kazi huko wala chumba alicholipia haingii kwa urahisi. Mabedui wa Sinai, ambao mababu zao walizijua njia zote za milima ile, wanauona mji huo kutoka nje ya lango. Wengine wanaingia kwa siku kuuza safari za ngamia na chai ya mitishamba jangwani, kama waigizaji wa maisha yao wenyewe. Simlaumu anayejenga ukuta baada ya kuzika watu. Ninachosema ni kwamba ukuta ukishajengwa kwa ajili ya hofu, biashara huuzoea, ikaanza kuutangaza kama sifa, na siku hofu inapopungua hakuna anayekumbuka kuuliza kama bado unahitajika.

Na kwa kipimo cha idadi, mfumo huu umefaulu. Mwaka 2024 Misri ilipokea zaidi ya wageni milioni 15, ingawa Gaza ilikuwa inawaka moto jirani. Katika mwaka huo huo mapato ya Mfereji wa Suez yaliporomoka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 za mwaka 2023 hadi takriban bilioni 4, kwa sababu meli zilizikwepa silaha za Wahouthi wa Yemen na kuzunguka Afrika Kusini; hivyo watalii walibaki kuwa nguzo iliyosimama wakati nguzo nyingine ikitikisika. Machi 2024 pauni ya Misri iliachiwa ishuke, kutoka takriban 31 kwa dola moja hadi karibu 50. Kwa mgeni, hiyo ilimaanisha nchi nafuu zaidi, na kwa mhudumu anayemletea juisi bwawani ilimaanisha kwamba mshahara wake ule ule unanunua unga mchache zaidi.

Hapa ndipo methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone inapopata taabu. Mwenyeji wa nani? Wafanyakazi wengi wa hoteli za Hurghada si watu wa Hurghada. Ni vijana waliotoka bondeni, Qena, Sohag na kwingineko katika Misri ya Juu, yaani ya kusini, wanaofanya kazi wiki kadhaa mfululizo na kisha kurudi nyumbani kwa siku chache kuwaona watoto. Mgeni amelipa kule Ulaya, kwa kampuni ya Ulaya, na mara nyingi amefika kwa ndege iliyokodiwa na kampuni hiyo hiyo. Akila, anakula ndani, na akinunua, ananunua duka lililo ukumbini. Kinachomfikia moja kwa moja kijana wa Qena ni bakshishi. Neno hilo tunalitumia sisi na wao, na wageni wengi hulilalamikia bila kujiuliza kwa nini mtu aliyeajiriwa analazimika kuitegemea. Waswahili wa Kiwengwa na Nungwi wanayajua haya bila kueleweshwa, kwa kuwa hoteli za aina hiyo zimekwisha kupiga hodi Zanzibar na kuingia bila kusubiri karibu.

Siku moja katika ile wiki, hata hivyo, mgeni wa Hurghada huuona mto. Safari hiyo huuzwa mapokezini. Abiria huamshwa kabla ya alfajiri, hupewa kifungua kinywa ndani ya boksi, hupakiwa kwenye basi lenye kiyoyozi na kulala tena. Basi hushuka hadi Safaga, hukata magharibi kupita milimani hadi Qena, na kufika Luxor jua likiwa limekwisha kupanda. Hekalu la Karnak saa moja na nusu, makaburi matatu katika Bonde la Wafalme, Hatshepsut, sanamu mbili kubwa za Memnon kwa dakika 10, chakula, kiwanda cha mawe cha kununua vinyago, kisha basi tena, na chakula cha usiku hotelini. Ikiwa ni Julai, yote hayo yamefanyika kwenye nyuzi 41 za joto. Hakuna binadamu anayeweza kuipenda Karnak kwa namna hiyo. Ukumbi wake wa nguzo 134 unahitaji mtu akae chini, ajikune, aangalie mwanga ukihama, apate hata kuchoka kidogo. Aliyepewa saa moja na nusu atarudi na picha 200 na maumivu ya kichwa.

Lakini hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko Luxor. Iko katika zile saa nne za usingizi, pamoja na wiki nzima ya kuketi kwenye pwani inayodhaniwa kuwa haina historia.

Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Ghuba ya Suez kusini kidogo mwa Zafarana, wanaakiolojia walioongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata karatasi za mafunjo zenye maandishi ya kale kuliko zote zilizowahi kupatikana. Ni kumbukumbu za kazi za msimamizi aitwaye Merer, wa zama za Firauni Khufu mwenyewe. Anaeleza siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, ambako piramidi kubwa ilikuwa ikijengwa. Ushahidi wa karibu zaidi tulio nao wa wajenzi wa piramidi haukupatikana Giza. Ulipatikana baharini, kwenye bandari yenye gati linaloingia majini takriban mita 200 na mapango yaliyochongwa kuhifadhi vyombo vilivyofunguliwa vipande vipande. Watu wale wale waliobeba mawe ya piramidi walikuwa wakivuka Bahari ya Shamu kwenda Sinai kufuata shaba, ambayo ndiyo ilikuwa chuma cha patasi zao. Kwa Merer, mto na bahari vilikuwa sehemu mbili za kazi moja. Anayelala leo kwenye kiti cha kuotea jua saa chache kusini mwa hapo haambiwi habari hiyo.

Teremka zaidi, kusini mwa Safaga, kuna Mersa Gawasis. Humo mapangoni zilikutwa mbao za merikebu, kamba nene zikiwa bado zimekunjwa kama baharia alivyoziacha karibu miaka 4,000 iliyopita, na masanduku ya shehena yaliyoandikwa kwamba yalibeba vitu vya ajabu vya Punt. Merikebu hizo ziliundwa bondeni, kwenye Nile, zikafunguliwa, zikabebwa kuvuka jangwa, zikaunganishwa tena ufukweni na kusafiri kusini hadi Punt, nchi ambayo wanazuoni wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika, kuleta manemane, ubani, dhahabu, mpingo na nyani. Michoro ya safari kama hiyo ndiyo inayopamba ukuta wa hekalu la Hatshepsut, lile lile ambalo abiria wa Hurghada hulipitia kwa dakika 40. Anaiona merikebu ukutani, na kesho yake anaogelea katika bahari iliyopitwa na merikebu hiyo, asiambiwe na mtu kwamba ni hadithi moja.

Na hadithi hiyo inafika kwetu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za bahari, unaojulikana kama Periplus. Anaanzia kwenye bandari mbili za pwani hii ya Misri, Myos Hormos na Berenike, anashuka hadi mlangoni mwa bahari kuu, anapinda kusini na kufuata pwani ya Afrika Mashariki hadi soko la mwisho analolijua, Rhapta, ambalo wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Anasema jina hilo lilitokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa kwa kamba. Na Mswahili anayewajua mafundi wa mitepe hatahitaji kufafanuliwa. Bidhaa anazozitaja ni pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Berenike yenyewe ilianzishwa na mfalme Ptolemaio wa Pili katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ikapokea tembo wa vita kutoka kusini, na baadaye katika enzi ya Kirumi ikawa ghala la pilipili manga ya India, ambayo wachimbuaji wameikuta humo kwa kilo. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya akienda kuogelea Marsa Alam, anaogelea katika ncha ya kaskazini ya barabara ambayo ncha yake ya kusini ni nyumbani kwake. Hilo ni jambo la kuambiwa mtu kwa kiburi kidogo, na sioni kwa nini lisiwekwe hata kwenye kibao kimoja ukumbini mwa hoteli.

Naweza kujibiwa kwamba watalii hawataki kusumbuliwa na mafunjo, wanataka jua. Wengine ni kweli. Lakini mzamiaji anayelipa fedha nyingi kwenda kuiona Thistlegorm, meli ya Uingereza iliyozamishwa na mabomu ya Wajerumani Oktoba 1941 ikiwa na pikipiki, malori na bunduki, anatafuta nini huko chini ikiwa si historia? Watu wanaipenda historia wanapoonyeshwa kwamba iko pale pale waliposimama. Pwani ya Misri haijaonyeshwa hivyo kwa sababu imepangwa na watu wanaouza vyumba, na mtu anayeuza vyumba hana faida yoyote mgeni akitoka nje.

Misri ya mto nayo haijapona ugonjwa huu wa kukata vitu na kuvihamisha. Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililo karibu na piramidi za Giza, lilifunguliwa rasmi Novemba 1, 2025, na hazina za Firauni kijana Tutankhamun, zaidi ya vitu 5,000, zimekusanywa humo pamoja. Ni jengo la kifahari, na sanamu ya Firauni Ramses wa Pili yenye tani 83 inayompokea mgeni mlangoni inatisha kwa uzuri. Lakini Tutankhamun mwenyewe, mwili wake, bado yuko Luxor ndani ya kaburi ambalo mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alilifungua mwaka 1922. Vitu vyake viko zaidi ya kilomita 600 za barabara kaskazini. Mgeni anayetaka kumwelewa kijana yule sharti aende pande zote mbili, na wengi wataridhika na dhahabu.

Abu Simbel ndiyo mfano ninaourudia zaidi nikizungumza na watu wanaojiandaa kwenda. Bwawa Kuu la Aswan lilipokuwa likijengwa katika miaka ya 1960, mahekalu mawili ya Ramses wa Pili yaliyochongwa mwambani yalikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu na zaidi ya mita 150 nyuma, kazi iliyokamilika mwaka 1968 kwa msaada wa mataifa mengi chini ya UNESCO. Kazi hiyo inastahili sifa zote inazopewa, hata jua linaendelea kuingia hadi chumba cha ndani mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Ila maji yale yale yaliyotishia mawe yaliwahamisha Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri peke yake, wakapelekwa Kom Ombo, mbali na mto ambao maisha yao yote yaliuzunguka. Na wengine kama hao waliondolewa upande wa Sudan. Vijiji vyao havikukatwa vipande na kupandishwa juu. Viko chini ya Ziwa Nasser. Leo nyumba za Kinubi zilizopakwa rangi ya samawati kando ya mto Aswan ni mojawapo ya picha zinazopendwa na wageni, na mwenye nyumba atakupa chai ya karkadee na kukuonyesha mamba mdogo kwenye pipa. Kunywa chai. Kisha muulize bibi mmoja alizaliwa kijiji gani.

Jangwa halina hata bibi wa kuulizwa, na huenda ndiyo sababu limesahauliwa zaidi. Upande wa magharibi kuna Jangwa Jeupe la Farafra, lenye miamba ya chokaa iliyochongwa na upepo. Kuna Siwa, ambako bado kunazungumzwa lugha ya Kiberberi na ambako Aleksanda Mkuu alikwenda mwaka 331 kabla ya Kristo kumuuliza mungu Amun habari za ukoo wake. Kuna Wadi al-Hitan, bonde lenye mifupa ya nyangumi wa kale waliokuwa na miguu midogo ya nyuma, likiwa mbali na bahari yoyote. Tangu Septemba 2015, majeshi ya usalama yalipowashambulia kimakosa watalii wa Mexico waliokuwa wamesimama kula katika Jangwa la Magharibi na kuwaua wanane kati yao pamoja na Wamisri waliowasindikiza, vibali vya kwenda sehemu nyingi za huko vimekuwa vigumu. Anayetaka kwenda aulize mapema, kwa kampuni yenye leseni, na asimsikilize mtu anayemwambia kwamba kibali si lazima.

Wakati huohuo, utengano unapata makao mapya kwenye pwani ya Mediterania. Februari 2024 serikali ilitangaza mkataba wa dola bilioni 35 na mfuko wa uwekezaji wa Abu Dhabi kuhusu Ras el-Hekma, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 170. Fedha hizo zilifika wakati hazina ilikuwa karibu kukauka, na wachumi wengi wanakubali kwamba ziliiokoa pauni isizame kabisa. Naelewa. Hata hivyo, familia za Kibedui na wakulima wa tini wa eneo lile walilazimika kupisha, na kinachoahidiwa mahali pao ni ufukwe mwingine wenye lango, ambako mgeni atashuka, ataogelea na kuondoka, na ambako Mmisri wa kipato cha kati atauona mji kwenye televisheni. Sina ushahidi kwamba utakuwa tofauti na ukuta wa Sharm, zaidi ya kuwa na rangi nzuri zaidi.

Basi msafiri wetu, yule anayeweza kupanda ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi au Dar es Salaam hadi Cairo na hana muda wa kupoteza, afanye nini? Kwanza aende kati ya Novemba na Machi, maana jua la kiangazi huko bondeni si la kuota. Siku za Giza azifupishe na za Luxor azirefushe: siku nne si nyingi, na alale ukingo wa magharibi, upande wa makaburi, ambako jioni mabasi yakiondoka kijiji hubaki na punda wake, jamaa wanaotazama mpira na mkate wa jua unaoumuliwa nje. Kwenye maeneo ya kale atalipa tiketi ya mgeni, mara kadhaa kuliko mwenyeji, na asinung'unike, kwa kuwa kwetu Serengeti na Maasai Mara hufanya vivyo hivyo. Bahari aiweke mwisho, wala asione haya kuifurahia. Matumbawe ya kaskazini mwa Bahari ya Shamu yanastahimili joto kuliko mengi duniani, na anaweza kuwa anaona kitu ambacho watoto wake hawatakiona mahali pengine.

Lakini kutoka mtoni kwenda baharini asipande basi la usiku. Kutoka Qift, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Luxor, kuna barabara inayokwenda Quseir, bandari ndogo ya zamani ambayo mahujaji waliitumia kuvuka kwenda Jeddah, na ambayo ngome yake ya Kiosmani bado imesimama. Apange na dereva mwenye kibali, apite mchana, na amwombe asimame Wadi Hammamat. Hilo ndilo bonde lililochorwa kwenye ramani ya mafunjo iliyoko Turin, Italia, ya zama za Ramses wa Nne, yenye rangi za milima na alama za mahali pa dhahabu, ambayo huhesabiwa kuwa ramani ya kale zaidi ya mawe ya ardhi. Kuta za bonde zimejaa maandishi ya watu waliopita. Moja lao, la takriban miaka 4,000 iliyopita, linaeleza msafara wa watu 10,000 uliotumwa kutafuta jiwe la kifuniko cha jeneza la Firauni. Wakiwa wanatafuta, linasema, paa mwenye mimba alikuja akiwaelekea watu wale wote, asigeuke, hadi akalifikia jiwe moja. Akazaa juu yake huku jeshi zima likimtazama. Wakalichagua jiwe hilo, wakamchinja paa juu yake kwa shukrani, na kukivuta kifuniko hadi mtoni.